Kutoka Athens hadi Istanbul nikisaka vitabu vya safari vyenye picha

Jumapili, Athens

Monastiraki siku ya Jumapili hapana pa kukanyaga. Kuanzia mtaa wa Ifestou hadi uwanja wa Avissynias, yaani uwanja wa Uhabeshi, watu wametandika bidhaa chini na juu ya meza: vitasa vya milango, kamera mbovu, nishani za vita, santuri, na katikati ya vyote hivyo makasha ya karatasi kuukuu. Makasha hayo ndiyo niliyoyafuata.

Ninakusanya vitabu vya safari vyenye picha kuhusu Mediterania ya mashariki: Ugiriki, visiwa vyake, Anatolia, Shamu na Misri. Navipenda vya miaka ya 1830 na 1840 kuliko vyote, na sababu mojawapo ni mfuko. Kabla ya hapo picha zilichongwa kwenye bamba la shaba. Shaba ni laini, ikishachapa nakala mia kadhaa mistari huanza kufifia, kwa hiyo vitabu vilitoka vichache na vilinunuliwa na wakubwa. Katika miaka ya 1820 wachongaji wa London wakahamia kwenye bamba la chuma kigumu, linalohimili maelfu ya nakala. Kampuni kama Fisher na Virtue zikaanza kuuza vitabu kidogo kidogo: mnunuzi analetewa sehemu yenye picha chache na kurasa zake, analipa, anasubiri nyingine, na zikitimia anampelekea fundi ajalidi. Vitabu hivyo viliingia kwenye nyumba za watu wa kawaida, na ndiyo maana hadi leo mtu wa mshahara anaweza kukipata kimoja.

Kazi yangu Dar es Salaam ni kukarabati vitabu, kwa hiyo mkono wangu hutangulia jicho. Kwenye kasha la kwanza nilikuta picha kama sitini, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki: Acropolis, bandari ya Piraeus, wanawake kisimani, bazaa. Nilitoa kioo cha kukuzia. Chapa ya chuma ina mistari myembamba iliyokatwa, na kwenye anga la picha mistari hiyo hupita sambamba bila kutetereka. Picha iliyochapwa jana kwa mashine ukiikuza unaona vidoa vya rangi vilivyopangwa safu. Hizi zilikuwa za kweli. Ila zote zilikuwa na ukingo mmoja ulionyooka kupita kiasi, upande wa kushoto, mahali wembe ulipopita.

Muuzaji, mzee mwenye kofia ya sufu, alinieleza bila kuficha. Kitabu kizima kinaweza kukaa mezani mwaka mzima. Kikifumuliwa, picha zake zinauzwa moja moja kwa watalii, na jumla yake inazidi bei ya kitabu. Nyingi zilikuwa zimetiwa rangi, na rangi yenyewe ni ya juzi, maana vitabu vya aina hii vilitoka kiwandani bila rangi. Nilimshukuru, nikaondoka mikono mitupu. Picha iliyokatwa siinunui, hata iwe nzuri vipi. Kila anayeinunua anamlipa mwenye wembe akakate kitabu kingine.

Jumatatu, Athens

Maktaba ya Gennadius iko chini ya mlima Lykavittos, jengo la marumaru lenye nguzo na maneno ya Isocrates yaliyochongwa juu ya mlango: wanaoitwa Wagiriki ni wale wanaoshiriki elimu yetu. Joannes Gennadius alikuwa mwanadiplomasia wa Ugiriki mjini London, na kwa miaka mingi alinunua kila kitabu kilichoigusa nchi yake, vitabu vipatavyo 26,000 kwa jumla. Mwaka 1922 alivikabidhi kwa Shule ya Kimarekani ya Elimu ya Kale iliyoko Athens, na sharti lake mojawapo likawa kwamba vikae pamoja. Maktaba ilifunguliwa 1926.

Nakaa sana kwenye sharti hilo. Wakusanyaji wawili wakubwa wa fani hii waliokuja baadaye, Henry Blackmer na Şefik Atabey, maktaba zao zilipigwa mnada London, ya kwanza 1989, ya pili 2002, zikasambaa duniani. Kilichobaki ni katalogi zao, na hizo ndizo tunazozitumia sote hadi leo. Ukitaka kujua kitabu kinatakiwa kiwe na picha ngapi na ramani ngapi, unafungua Blackmer, unafungua Atabey. Ni kazi kubwa wametuachia. Lakini leo nimeketi mahali ambapo vitabu vyenyewe bado vinatazamana rafuni, na hapo tofauti inaonekana.

Unaacha begi nje, unaingia na penseli tu, kitabu kinaletwa na kulazwa juu ya mito ya sponji ili mgongo usikazwe. Niliomba juzuu ya kwanza ya Choiseul-Gouffier, safari yake ya Ugiriki, Paris, 1782. Ukurasa wa mwanzo una picha ya Ugiriki katika umbo la mwanamke aliyefungwa minyororo, ameegemea kaburi katikati ya makaburi ya mashujaa, na kwenye mwamba kuna maneno ya Virgil, mshairi wa Kirumi, yanayomwita mlipiza kisasi ainuke. Miaka 2 baadaye mwandishi aliteuliwa kuwa balozi wa Ufaransa kwa Sultani wa Kiosmani, huyohuyo aliyeitawala Ugiriki na kuishikilia minyororo. Mtu akiikata picha hiyo na kuitia fremu, utaona mwanamke mwenye huzuni na magofu. Ndani ya kitabu, baada yake yanafuata maneno ya mwandishi, kisha visiwa kimoja kimoja, na unaielewa kuwa ni tamko la siasa lililokuja kumkaba mwenyewe.

Kwa karibu kitabu hicho kina raha yake. Karatasi ni nene, ya mkono, na ukiinua ukurasa kwenye mwanga unaona mistari ya chekeche iliyotumika kuitengeneza. Kuzunguka kila picha kuna mbonyeo wa bamba la shaba, na kidole kikipita juu yake kinashuka kabisa. Picha moja ya bandari ina wavuvi chini kushoto, wadogo kama punje, na mmoja wao anavuta tumbaku. Nilikaa naye huyo mvuvi hadi mhudumu alipokuja kunikumbusha kwamba chumba kinafungwa.

Jumanne, Athens hadi Piraeus

Asubuhi nilikwenda kutafuta hekalu ambalo halipo. Mto Ilissos wenyewe hauonekani mjini. Umefunikwa, na magari yanapita juu yake. Karibu na barabara ya Ardittou kuna mabaki ya msingi tu. Hapo palikuwa na hekalu dogo la nguzo za Kiioni, ambalo wakati fulani liligeuzwa kanisa. James Stuart na Nicholas Revett walifika Athens 1751 wakalipima jiwe kwa jiwe, na michoro yake ikatoka katika juzuu ya kwanza ya kitabu chao kuhusu majengo ya kale ya Athens, London, 1762. Mwaka 1778 gavana wa Kiosmani alilibomoa, mawe yakajengewa ukuta wa mji.

Kwa hiyo hekalu la Ilissos liko kwenye karatasi. Mwanafunzi wa usanifu anayetaka kujua nguzo zake zilisimama vipi hana kwingine pa kwenda ila kwenye picha zile na vipimo vilivyoandikwa kando yake. Jana, pale Gennadius, niliviona vyote viwili. Leo nimesimama penye msingi huku basi za watalii zikipita, nikafungua daftari langu nilikonakili vipimo hivyo kwa penseli, nikajaribu kuisimamisha nguzo ya kwanza hewani. Inawezekana. Ila kwa picha peke yake isingewezekana.

Jioni, meli ya Chios kutoka Piraeus. Niliketi sitahani mpaka baridi iliponishinda. Bahari hii ndiyo waliyoipita mahujaji wa Bernhard von Breydenbach mwaka 1483, wakitokea Venice kwenda Jaffa. Breydenbach alifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa: alimchukua mchoraji, Erhard Reuwich wa Utrecht, makusudi ili achore njiani. Kitabu kilichapwa Mainz 1486, kikiwa na picha za miji na bandari walizopita, Corfu, Modon, Candia, Rhodes, nyingine zikikunjuka, na ile ya Venice ukiikunjua inazidi urefu wa mita moja na nusu. Kina pia alfabeti ya Kiarabu, na ukurasa wa wanyama wanaodaiwa kuonekana safarini, akiwemo ngamia, mamba na twiga. Pamoja nao yuko mnyama wa pembe moja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Vitabu vyote ninavyovifuata mimi ni wajukuu wa kitabu hicho, na tangu siku hiyo ya kwanza kilichoonwa na kilichosimuliwa vimepanda meli moja.

Jumatano, Chios

Tumefika kabla ya alfajiri. Mji unaamka taratibu, mikate inatoka tanuri, na harufu ya ubani wa mastiki iko hadi kwenye kahawa.

Wasafiri wa zamani karibu wote walisimama hapa, na karibu wote waliwachora wanawake wa kisiwa. Nicolas de Nicolay, aliyepita 1551 na msafara wa balozi wa Ufaransa, aliwaweka katika kitabu chake cha mavazi, kofia zao na mikufu yao, na wachapaji wengine wakaendelea kuwanakili kwa miaka mingi bila hata kufika. Ndiyo kasoro ya vitabu hivi, na mkusanyaji lazima aijue: picha ikishauzika, inazaa. Utakutana na mwanamke yuleyule wa Chios katika vitabu vya miaka tofauti, nguo zilezile, amegeuzwa tu upande, maana mchongaji akinakili moja kwa moja kwenye bamba, chapa hutoka kinyume.

Hapa kuna maktaba kubwa yenye jina la Adamantios Korais, msomi aliyekaa Paris na kuwatumia watu wa kisiwa hiki vitabu. Mji wa wakati wake haupo. Mwaka 1822 jeshi la Sultani liliua na kuwauza utumwani maelfu ya watu wa kisiwa, na 1881 likaja tetemeko la ardhi. Nilitembea mitaa ya ndani ya ngome ya Wagenoa hadi mchana, halafu nikakata tiketi ya kesho.

Alhamisi, Izmir

Kuvuka kutoka Chios hadi Çeşme hakuchukui muda. Ng'ambo unapanda basi, na mchana uko Izmir, ile Smirna ya vitabu. Cornelis de Bruijn, Mholanzi, aliishi hapa katika karne ya 17, na katika kitabu chake cha 1698 kuna picha ndefu ya kukunjua ya mji huu ukitazamwa kutoka baharini, meli zimejaa mbele. Moto wa Septemba 1922 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, hasa mitaa ya Waarmenia na Wagiriki. Ukisimama ufukweni leo na nakala ya picha hiyo, mlima ndio unaokubaliana na karatasi.

Nilikuwa nimeahidiwa mwenyeji. Kijana wa Kigoma anayesoma chuo kikuu hapa, mdogo wa rafiki yangu, alinisubiri penye mnara wa saa.

"Shikamoo dada. Pole na safari."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimeshapoa."

"Nataka nikupeleke mahali kabla hujaanza na vitabu vyako."

Akanipitisha vichochoro vya Kemeraltı, soko la kale, mpaka kwenye jengo la mawe lenye ua katikati na vyumba ghorofa mbili pande zote: Kızlarağası Hanı, nyumba ya wafanyabiashara na misafara, ya miaka ya 1740. Siku hizi ni maduka ya fedha, mazulia na vitu vya kale, na kahawa.

"Aliyelijenga ni mtu mweusi, dada. Wanafunzi wenzangu wengi wanakunywa kahawa hapa na hawajui."

Kweli tupu. Hacı Beşir Ağa alizaliwa Uhabeshi, akachukuliwa mtoto, akahasiwa na kuuzwa, akaishia katika jumba la Sultani. Kuanzia 1717 hadi alipofariki 1746 alikuwa mkuu wa matowashi weusi, cheo kilichobeba usimamizi wa nyumba ya wanawake wa Sultani na wakfu mkubwa wa Makka na Madina. Alijenga Cairo sebili, yaani nyumba ya kugawia watu maji ya kunywa, yenye chuo cha Kurani, alijenga Istanbul, alijenga hapa. Na alikuwa mkusanyaji wa vitabu, mmoja wa wakubwa wa zama zake. Nimekusanya vitabu vya eneo hili kwa muda mrefu, na nimekutana na cheo chake mara nyingi katika vitabu vya Wazungu. Nyumba aliyoijenga mtu wa cheo hicho sikuwahi kuingia hadi leo.

Katika duka moja la ghorofa ya juu, ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, tulimkuta. Au tuseme tulikikuta cheo. Picha ya shaba: mtu mweusi mrefu, kilemba kikubwa, joho la manyoya, amesimama peke yake. Mwenye duka alimwambia kijana kwa Kituruki, naye akanitafsiria: "Anasema huyu ndiye Beşir Ağa mwenyewe, aliyejenga hapa."

Nikaomba ashushe fremu. Nilipokuza niliona mistari ya mchongo na, chini ya ukingo wa fremu, alama ya bamba. Ni ya kweli, na naijua inakotoka. Balozi wa Ufaransa Istanbul, Charles de Ferriol, alimwagiza mchoraji Jean-Baptiste Vanmour achore watu wa dola ya Kiosmani kwa vyeo na mataifa yao, na picha 100 kutokana na kazi hiyo zikachapwa Paris mwaka 1714. Mkuu wa matowashi weusi ni mmojawapo. Hesabu haikubali: kitabu ni cha 1714, Beşir Ağa amepewa cheo 1717. Mtu wa kwenye picha ni mwingine, aliyemtangulia.

Kijana alimweleza mwenye duka kwa adabu. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akairudisha fremu ukutani. Simlaumu. Karatasi ile imetenganishwa na ukurasa wake wa jina, tarehe na maelezo, na ikishafika hapo inabeba hadithi yoyote itakayopewa. Kwa mtu kama huyu madhara ni makubwa zaidi. Mchoraji hakuandika jina lake, aliandika cheo tu. Tarehe ya kitabu ndiyo uzi pekee unaoweza kumrudisha mtafiti kwa mtu aliyekuwapo, na uzi huo ulikatwa siku picha ilipokatwa.

Jioni kijana alinieleza habari za Waturuki wenye asili ya Afrika, wajukuu wa watumwa walioletwa sehemu hizi, wengi wakiwa Izmir na vijiji vyake. Walikuwa na sikukuu yao ya ndama, Dana Bayramı, ikasitishwa, na tangu 2007 wanaiadhimisha tena. Amewahi kuhudhuria. Anasema mama mmoja alimshika mkono akamuuliza kwao wapi, akajibu Tanganyika, ziwani, na yule mama akalia.

Ijumaa, njiani

Basi la kwenda Istanbul. Milima, mizeituni, viwanda, daraja. Nimelala sehemu kubwa ya njia.

Jumamosi, Istanbul

Sahaflar Çarşısı, soko la wauza vitabu, liko kati ya msikiti wa Beyazıt na Soko Kuu. Liliungua 1950 likajengwa upya. Katikati ya ua kuna sanamu ya İbrahim Müteferrika, aliyepata ruhusa ya kuanzisha kiwanda cha kuchapa vitabu kwa herufi za Kiarabu 1727. Mwaka 1730 alitoa historia ya Amerika yenye picha za ubao, kwa hiyo na Waosmani nao walikuwa na kitabu chao cha nchi za mbali chenye picha. Watu hulisahau hilo, wakadhani kutazama kulikuwa kwa upande mmoja.

Leo maduka mengi huuza vitabu vya shule na mitihani, kalamu, na zawadi kwa watalii. Na kinachouzwa zaidi kwa watalii kilinichoma moyo: karatasi za miswada ya Kiosmani, zenye maandishi ya mkono, ambazo juu yake kijana wa leo amechora farasi, meli au sultani kwa rangi zinazong'aa. Karatasi ni ya kale, wino wa maandishi ni wa kale, picha haijamaliza mwaka. Nilisoma mistari miwili ya karatasi moja: ilikuwa sharhe ya fikihi, imekatikia katikati ya sentensi, na juu ya hukumu ya zaka ameketi ndovu. Mwanachuoni fulani alikesha na ukurasa ule. Niliuliza kitabu chake kiko wapi. Muuzaji alinyoosha mkono kuonyesha soko zima.

Jumapili, Istanbul

Maduka mengi yamefungwa. Nilikwenda Tophane kuiona chemchemi ya Sultani Mahmud wa Kwanza, ya 1732, ambayo wachoraji Melling na Allom wote waliichora ikiwa katikati ya soko la matunda, mashua karibu. Bado imesimama, maua ya marumaru kwenye kuta zake yako vilevile, tramu inapita jirani.

Melling anastahili neno zaidi. Antoine Ignace Melling hakuwa mpita njia. Alikaa Istanbul miaka mingi, akawa msanifu wa Hatice Sultan, dada yake Sultani Selim wa Tatu, akamjengea kasri kando ya Bosphorus, na wawili hao wakaandikiana barua kwa Kituruki cha herufi za Kilatini. Kitabu chake, Paris, 1819, kina picha 48 kubwa mno, na katika kila moja majengo yanakaa mahali pake, kwa sababu mengine aliyachora kama fundi aliyewahi kuyagusa. Siwezi kukinunua. Nimekiona mara moja tu, na hiyo inatosha kunifanya nimwamini kuliko waliopita wiki mbili.

Jumatatu, Istanbul

Asubuhi, jengo la Beşir Ağa karibu na Gülhane: msikiti, madrasa na sebili yenye madirisha ya chuma, la 1745. Maktaba yake ilikuwa humu. Vitabu vyenyewe vimehamishiwa Maktaba ya Süleymaniye, pale penye miswada mingi kuliko pengine popote Uturuki, navyo vimehifadhiwa kama mkusanyo mmoja kwa jina lake. Nilikwenda. Unasoma kwenye kompyuta, si kitabu chenyewe, na ni haki. Nilifungua orodha: tafsiri ya Kurani, hadithi, tiba, historia, lugha. Nikaisoma hadi mwisho wa siku.

Mtoto wa Kihabeshi aliyeuzwa amewaachia watu maktaba, na baada ya karibu miaka 280 bado unaweza kuomba kitabu kwa jina lake. Vanmour na wenzake walichora vilemba vya watu wa cheo chake kwa ustadi. Sijaona aliyemchora mmoja wao akiwa na kitabu mkononi.

Jumanne, Istanbul

Aslıhan Pasajı, Beyoğlu, nyuma ya soko la samaki. Ghorofa mbili za maduka madogo ya vitabu vilivyotumika, vumbi, paka. Katika duka la mwisho, rafu ya chini, nilivuta juzuu mbili nzito za ngozi iliyopasuka: Robert Walsh na Thomas Allom, Istanbul na mandhari ya makanisa saba ya Asia Ndogo, Fisher, London, karibu 1838.

Niliketi sakafuni nikaanza kuhesabu. Hii ndiyo kazi yenyewe: unafungua orodha ya picha iliyochapwa ndani ya juzuu, unaweka kidole kwenye mstari, unaitafuta picha, unahakikisha iko mahali pake, unakagua mshono wa ndani kama kuna kisiki cha karatasi iliyokatwa. Picha zaidi ya 90. Mgongo wa juzuu ya pili umeachia, nyuzi mbili zimekatika. Maji yaliwahi kuingia kwenye pembe ya chini, na kuna madoa ya kahawia kwenye kurasa za mwanzo, kama ilivyo kawaida ya karatasi ya wakati huo. Kisiki hakuna hata kimoja. Picha zote zipo.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile ya soko la watumwa. Picha hii huuzwa sana ikiwa peke yake, na nimeiona katika fremu zaidi ya mara moja: ua wa soko, wanawake wameketi, wanunuzi wamesimama. Allom alikuwa msanifu majengo mwenye mkono mtamu, na utamu huo unatia mashaka. Jicho linapumzika mahali ambapo halikupaswa kupumzika. Lakini kitabu kina Walsh. Alikuwa kasisi wa Ireland, aliyekaa Istanbul akihudumu ubalozini, na kabla ya kitabu hiki alikwenda Brazil. Katika habari zake za Brazil, 1830, alisimulia jinsi manowari aliyosafiria ilivyoisimamisha meli ya watumwa baharini, na alichokiona kilichobanwa chini ya sitaha yake. Kwa hiyo anayeongea kando ya picha hii ameshapanda meli kama ile. Nilisoma kurasa zake polepole nikiwa palepale sakafuni. Na wenye fremu wangapi wanajua kwamba picha yao ilikuwa na shahidi?

Mwenye duka alitaka euro 400. Nilimwonyesha mgongo, nyuzi, maji. Akasema picha zipo zote, akifumua atapata mara mbili. Nikamwambia najua, na ndiyo maana nimekuja mimi kabla ya mwenye wembe. Akanyamaza kidogo, akaagiza chai. Tulimaliza kwa 320.

Hatoi kitabu cha umri huo kitoke nchini bila hati ya makumbusho, kwa sababu sheria ya mali za kale ya 1983 haina mchezo, nami sikutaka njia ya mkato. Nimelipa, nimepewa risiti, juzuu zimefungwa kwenye karatasi na jina langu juu yake. Hati ikitoka atampa kijana wa Kigoma, anayekuja Istanbul mwezi ujao, naye atazileta Dar likizo. Uzi wa kitani ninao nyumbani, na gundi ya ngano nitapika mwenyewe. Nitashona mgongo wa juzuu ya pili kwanza.